Kuchagua bomba la pazia, chumba kwa chumba

Nafunga mapazia hapa Arusha, na simu nyingi ninazopigiwa huanza hivi: "Fundi, bomba limeng'oka." Nikifika nakuta bomba zuri, lina vichwa vinavyong'aa, ila lilinunuliwa kwa kuangalia vichwa hivyo tu. Anza na ukuta na uzito wa pazia. Urembo utafuata.

Hatua ya 1: Pima. Pima upana wa dirisha, ongeza sentimita 15 hadi 20 kila upande. Dirisha la sentimita 150 linataka bomba la 180 hadi 190, ili mchana pazia likae ukutani na kioo kibaki wazi. Kwenda juu, sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye fremu zinatosha. Usichukue kipimo cha jirani, hata kama nyumba zenu ni za ramani moja.

Hatua ya 2: Ujue ukuta. Hapa ndipo mabomba mengi yanapoangukia. Juu ya dirisha mara nyingi kuna linta, yaani boriti ya zege, na drili isiyogonga itazunguka tu bila kuingia. Tafuta drili ya kugonga na biti ya zege ya milimita 8, kisha plagi (kile kifuko cha plastiki kinachoshika skrubu ukutani) na skrubu. Pembeni ya linta unakutana na tofali: plagi fupi itashika plasta peke yake, na siku mtoto akivuta pazia, breketi inatoka na kipande cha ukuta. Plagi lazima ivuke plasta. Dari la jipsamu nalo halibebi pazia mpaka upate mbao iliyo nyuma yake.

Hatua ya 3: Sebule. Baridi ya Juni na Julai huku inataka pazia zito, na wengi huweka na shia, lile pazia jepesi linalopitisha mwanga, nyuma yake. Nunua breketi za mabomba mawili: la mbele milimita 25 au 28, la nyuma 16 au 19. Bomba likizidi mita 1.8, weka breketi ya katikati. Pazia la ringi, lenye matundu ya pete yanayopitishwa bombani, halivuki breketi hiyo, kwa hiyo shona vipande viwili, kila kimoja na upande wake. Ringi za kila kipande zigawanyike kwa mbili, ili kingo zote mbili zielekee ukutani. Kama nondo za dirisha ziko ndani, pima zimetokeza kiasi gani. Breketi ifike mbele zaidi ya hapo, la sivyo pazia litakuwa linanasa kila asubuhi.

Hatua ya 4: Vyumba vingine. Chumba cha kulala, napenda bomba lililopinda ncha kurudi ukutani, kwa sababu linaziba mwanga wa pembeni. Mjini Moshi kuna joto, pazia jepesi linatosha, na bomba la 19 linalibeba bila shida. Jikoni weka pazia fupi, mbali na moto. Bafuni tumia bomba la springi, linalojibana lenyewe kati ya kuta mbili, la chuma kisichoshika kutu. Hutoboi marumaru, ila lisibebe kitu kizito.

Hatua ya 5: Dirisha la kona. Pima kila upande peke yake, kisha kata boksi lifuate pembe ya ukuta uende nalo dukani. Reli inayopindika ni bora kuliko mabomba ya kuunga, maana pazia la ringi hukwama kwenye kiungo.

Ukishatoboa upande mmoja, mpe mtu ashike bomba, weka pima maji juu yake, ndipo utie alama ya upande wa pili.