Moduli ya keneli inapokataa kuanza: soma kwanza, sakinisha baadaye

Kompyuta nyingi zinazotengenezwa na mafundi wa Lubumbashi ni za okazioni, yaani zilizokwisha kutumika, na anayeziwekea Linux hukutana mapema na tatizo hili: kadi ya Wi-Fi imo ndani ya mashine, lakini hakuna mtandao hata mmoja unaoonekana. Wengi hufuta mfumo wote na kuuweka upya. Nakusihi usiharakishe, kwa sababu mara nyingi keneli, yaani kiini cha mfumo, huwa imekwisha kuandika sababu, na kuisoma hakuli hata mega moja.

Toa amri `sudo modprobe iwlwifi`, inayopakia moduli, yaani kipande cha keneli kinachoendesha kifaa (iwlwifi ni ya kadi za Wi-Fi za Intel), ukiweka jina la moduli yako, kisha papo hapo `sudo dmesg | tail -n 30`. Jibu la modprobe ni fupi mno. Maelezo yenyewe yamo katika dmesg, inayoonyesha ujumbe ulioandikwa na keneli.

Ukisoma "version magic" au "Exec format error", moduli hiyo ilijengwa kwa ajili ya keneli nyingine. Linganisha `uname -r` na `modinfo -F vermagic` ya moduli hiyo, sakinisha vichwa vya keneli (kernel headers, faili za kujengea moduli) vya toleo unalotumia, kisha ijenge upya. "Unknown symbol" huwapata hasa wanaotumia insmod, ambayo haipakii moduli nyingine zinazohitajika. Weka faili chini ya /lib/modules, toa amri `sudo depmod -a` ili orodha ya moduli zinazotegemeana isasishwe, na utumie modprobe. "Key was rejected by service" hutokana na Secure Boot, ulinzi unaokataa moduli isiyo na saini inayoaminika, nami naona ni heri kutia moduli saini ya ufunguo wako kuliko kuuzima ulinzi huo.

Penye udanganyifu zaidi ni pale modprobe inaponyamaza kana kwamba mambo ni shwari. Kwa vifaa vya PCI na USB, hatua ya kuanzisha moduli kwa kawaida hukiandikisha tu kiendeshi (driver). Kifaa chenyewe huchunguzwa baadaye, na uchunguzi huo ukishindwa, modprobe haitoi kosa lolote. Kwa hiyo, kuiona moduli katika lsmod, orodha ya moduli zilizopakiwa, si ushahidi kwamba inafanya kazi. Tazama `lspci -k`: mstari wa "Kernel driver in use" usipokuwepo chini ya kadi yako, basi hakuna kiendeshi kilichoishika.

Chukua mfano wa mstari huu: "Direct firmware load for iwlwifi-6000g2a-6.ucode failed with error -2". Namba -2 maana yake ni kwamba faili halikupatikana, nalo hutafutwa katika /lib/firmware. Usiishie hapo, kwa kuwa iwlwifi hujaribu matoleo kadhaa ya programu dhibiti (firmware, programu inayoendeshwa ndani ya kadi yenyewe), kuanzia jipya. Ukiona "loaded firmware version" mistari michache mbele, kosa hilo halina madhara. Lisipofuatwa na mafanikio, unganisha simu kwa kebo ya USB, shiriki intaneti yake, na kwenye Debian usakinishe `firmware-iwlwifi` kutoka sehemu ya `non-free-firmware`. Tangu Debian 12 ya mwaka 2023, diski rasmi za usakinishaji huja na programu dhibiti za aina hiyo.

Baada ya hapo iondoe moduli kwa `sudo modprobe -r iwlwifi` na uipakie tena. Ikiwa ni moduli inayopakiwa mapema wakati mashine inawaka, kama ya kadi ya picha, toa pia amri `sudo update-initramfs -u`, la sivyo mashine itaendelea kuwaka na nakala ya zamani iliyomo katika initramfs, faili linalosomwa mwanzoni mwa kuwaka.