Somo: Kumbaini chiriku anayeficha ugonjwa

Chiriku wa milia, wale wadogo wenye asili ya Australia, wakiugua hujikaza. Porini anayeonekana mnyonge ndiye anayedakwa na mwewe, na hata waliozaliwa tunduni wana tabia hiyohiyo. Ukimkuta kajivimbisha manyoya sakafuni mwa tundu mchana kweupe, mara nyingi anaumwa tangu siku kadhaa.

Hatua ya 1. Mtazame kabla hajakuona. Simama nyuma ya mlango. Akijua upo atabana manyoya na kurukaruka kama mzima. Nani anasinzia wenzake wakiimba? Nani mkia unapanda na kushuka kila anapovuta pumzi?

Hatua ya 2. Tandika karatasi nyeupe, ubadilishe kila asubuhi. Kinyesi kizuri kina sehemu nzito ya kahawia au kijani, nyeupe kidogo na maji kidogo. Ukiona damu, mbegu nzimanzima au majimaji matupu kutwa, mtenge.

Hatua ya 3. Mpime uzito. Hii msiiruke jamani. Chiriku mgonjwa hushinda kwenye bakuli akibangua mbegu, maganda yanaanguka, nawe unaridhika kwamba anakula, kumbe hamezi. Mzima ana gramu 12 hivi, kwa hiyo gramu moja ikipungua ni jambo kubwa. Mtie kwenye kikopo chenye matundu juu ya mizani ya kidijitali inayosoma sehemu za gramu, toa uzito wa kikopo, andika. Kila wiki, asubuhi kabla hajala. Ukiwa umemshika, pitisha kidole kidarini: mfupa wa katikati ukichongoka na nyama za pembeni zikibonyea, amekonda. Usimbane kifua, maana ndege hupumua kwa kutanua kidari. Ukikizuia anakata roho mkononi mwako.

Hatua ya 4. Usiku zima taa, usikilize. Mlio wa tik-tik kwenye pumzi huweza kuwa utitiri wa ndani ya njia ya hewa, hasa kwa chiriku wa Gouldian, aina nyingine ya chiriku wenye rangi nyingi. Dawa yake ni ivermectin, na dozi aipime daktari wa mifugo.

Kinga: mgeni akae chumba kingine siku 30, na umhudumie baada ya wenyeji. Maji mapya kila siku, vyombo visikae chini ya vijiti wakavinyea. Tundu lisiwekwe jikoni. Kikaango cha Teflon, kile kisichogandisha chakula, kikipata moto kupita kiasi hutoa hewa inayoua ndege upesi.

MASWALI

Mwalimu, jike wangu alikuwa anataga, leo kakaa chini anajikamua, tumbo limejaa.
Huenda yai limekwama. Mpe joto la nyuzi 30 hivi na umpeleke kwa daktari leo hii. Usilibonyeze, linaweza kupasukia ndani. Akipona, mpe ganda la yai lililochemshwa na kusagwa.

Naweza kuwawekea antibaotiki ya kuku kwenye maji iwe kinga?
Hapana, ndugu yangu. Inazalisha vijidudu sugu, na siku akiumwa kweli dawa haitamsaidia.

Mmoja kafa ghafla, wengine naona wazima. Nifanyeje?
Pole sana. Mzoga uweke kwenye friji, usiugandishe, umpelekee daktari wa mifugo mapema aupasue. Waliobaki wapime uzito leo, na tena kesho asubuhi.