Kiwanja cha mzee kipo Ujiji, kwenye kompyuta hakipo: anzia hapa

Wengi huku Kigoma tuna kile kikaratasi, mnakijua, karatasi ya daftari, "nimemuuzia fulani kuanzia mchikichi mpaka njia ya kushuka ziwani", muhuri wa mwenyekiti wa mtaa na sahihi za mashahidi ambao nusu yao washatangulia. Zamani kilitosha. Sasa ofisi za ardhi zinahamishia mafaili kwenye mfumo, na mfumo haujui mchikichi, unajua kodineti za bikoni, yale mawe ya mipaka.

Ukitaka hati, kwanza jua ardhi yako ni ya fungu gani, ya kijiji au la. Sera ya Ardhi ya 1995 ndo ilizaa sheria mbili za 1999, Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, hii ya pili ni ya vijiji tu. Sera yenyewe imeshapitiwa upya, toleo la 2023 likazinduliwa Machi 2025, ila wewe bado unapita mlango mmoja kati ya hiyo miwili. Kama shamba liko kijijini huko Uvinza au Kasulu usichome nauli kuja mjini, anza na serikali ya kijiji, hatimiliki ya kimila inaanzia huko huko.

Ukiwa Gungu, Mwanga, Ujiji, nenda manispaa, na swali la kwanza lisiwe "hati bei gani", uliza kama mtaa wako una ramani ya mipangomiji na ya upimaji iliyoidhinishwa. Haipo? Basi anayekuahidi hati wiki ijayo anataka hela yako tu. Ipo? Chukua namba ya kiwanja na ya kitalu (bloku), iandike hata kwenye simu.

Halafu majina, hapa ndo nilipokwama mimi. Kikaratasi kinasema Juma, kitambulisho cha NIDA kinasema Jumanne, na mzee mwenyewe keshafariki! Majina yakipishana tafuta wakili akuandikie kiapo, na kama mwenye mali hayupo hakuna njia ya mkato, mfungue mirathi mahakamani apatikane msimamizi, ndo mfumo utamtambua.

Malipo ni kwa kontrol namba ya serikali tu, sio namba ya simu ya mtu, hata awe mkarimu vipi.

Siku mpima anakuja uwepo na majirani wawepo. Sisi jirani alikuwa Kibirizi kwenye dagaa, karudi jioni kakuta bikoni imesimikwa upande wake wa mchikichi, mpima akarudi mara ya pili na mafuta tukalipa sisi.