Vipande vya bunduki kwenye kasha la babu: fanya hivi

Mpwa wangu alinijia Mbagala Jumapili moja na video kwenye simu. Mmarekani kaweka mezani vipande vya bunduki ya jeshi la zamani: mtutu, kitako, bolti (chuma kinachoifungia risasi nyuma ya mtutu), springi kwenye mfuko. Kavinunua, anaviunganisha gereji kwake. "Mjomba, wewe umekaa ghala la silaha miaka yote ile. Kwenye kasha la babu kule Tandika si kuna vyuma kama hivi? Tukiunganisha je?"

Babu anayemsema ni mzaa baba wake, ameshatangulia mbele ya haki. Nilimwambia azime simu tuzungumze. Nayaandika hapa kwa sababu najua si yeye peke yake anayeulizia.

Kwanza, yule Mmarekani ana sheria yake. Kwao, kwa sheria ya 1968, bunduki ni ile bodi, chuma cha katikati kinachobeba bolti na chenye namba. Ndiyo maana bunduki kuukuu za jeshi hukatwakatwa bodi, vilivyobaki vikauzwa kama vipuri. Hata hivyo hajaachiwa. Kama bunduki inajikoki yenyewe na ni ya aina iliyokatazwa kuingizwa nchini, haruhusiwi kuijenga kwa zaidi ya vipande 10 vya kutoka nje, kati ya 20 vilivyoorodheshwa. Ya kumimina risasi mfululizo, raia hatengenezi mpya tangu 1986. Kwa hiyo anayeonekana anacheza na bisibisi anahesabu kila kipande, na akikosea hesabu ana kesi.

Huku kwetu hesabu hiyo haipo kabisa. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na nchi yetu imo kwenye Itifaki ya Nairobi ya 2004, mkataba wa nchi za ukanda huu kuhusu silaha ndogo, ambao unahesabu kuunganisha silaha bila kibali kuwa ni kutengeneza silaha kiharamu. Kumiliki silaha bila kibali kunaweza kukupeleka kwenye uhujumu uchumi, na huko kifungo kinaanzia miaka 20. Usimwambie hakimu ulikuwa unajaribu tu.

Tukaenda Tandika. Kasha lilikuwa uvunguni, vyuma vimefungwa kwenye kanga iliyooza. Nikamulika tochi bila kugusa. Bolti ilikuwa ya Mauser, bunduki ya Kijerumani. Namba yake iliishia 87, ya bodi ikaishia 41. Maana yake vyuma vile vilitoka kwenye bunduki mbili tofauti. Fundi anapoona hivyo anaogopa: bolti isiyo ya bodi hiyo inaweza kuacha nafasi nyuma ya tako la risasi, ganda likapasuka, moto ukarudi usoni kwa mpigaji. Ghalani tulikuwa na geji za kupima nafasi hiyo, na bado kuna bunduki tulizozikataa. Halafu kutu. Fataki za risasi nyingi za zamani, yaani kile kidude cha takoni kinachowasha baruti, huacha chumvi ndani ya mtutu, na kwa hewa ya bahari ya Dar, mtutu usiooshwa huliwa haraka. Nje unang'aa, ndani umechimbika.

Sasa, ukikuta kitu cha namna hiyo, kiache palepale. Toa watoto, funga mlango. Usikipake mafuta, usivute triga kuona kama inafanya kazi. Ukiona risasi, au chuma cha mviringo usichokijua, rudi nyuma kabisa. Sisi wa Mbagala tuliona Aprili 29, 2009 mabomu ya ghala la jeshi yalivyoruka hadi majumbani, na Gongo la Mboto wakayaona Februari 16, 2011. Usimuuzie mtu wa vyuma chakavu. Na tafadhali, usikitie kwenye mfuko wa rambo ukapanda nacho daladala kwenda kituoni: ukikaguliwa njiani, wewe ndiye uliyekamatwa na silaha.

Mwite mjumbe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa washuhudie, kisha polisi waitwe waje wenyewe. Piga 112 au mtumeni mtu kituoni, mikono mitupu. Wakichukua, dai karatasi ya makabidhiano yenye tarehe, namba za vyuma na jina la aliyepokea. Hapa nasisitiza kwa uchungu. Mama mmoja jirani yangu alisalimisha bastola ya marehemu mumewe akaondoka bila karatasi. Miaka miwili baadaye aliitwa aeleze iko wapi, na yule aliyeipokea alishahamishwa. Alihangaika mpaka akaugua.

Kama marehemu alikuwa na leseni, leseni hiyo hairithiwi. Silaha irudi polisi, na mrithi anayeitaka aombe yake upya, kuanzia mtaani hadi kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya. Inachukua muda, vumilia.

Askari walifika Tandika kabla ya alasiri. Mpwa wangu ndiye aliyewasomea namba, 41 na 87, nao wakaandika zote mbili.