Kifua kikuu nje ya mapafu: namna ya kukitambua na kukitibu

Mgonjwa wa kifua kikuu asiyekohoa ndiye anayechelewa zaidi kupata dawa, kwa sababu yeye mwenyewe hajidhanii na mhudumu naye hamdhanii. Kwa hiyo katika vituo vyetu vya Unguja na Pemba, uvimbe wa shingoni usiouma na usiopungua kwa wiki kadhaa, tumbo linalojaa maji, au maumivu ya mgongo yanayozidi siku hadi siku, hasa yakifuatana na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, ni sababu tosha ya kutafuta TB hata kama picha ya kifua ni safi. Ulizia pia iwapo nyumbani hunywewa maziwa ya ng'ombe yasiyochemshwa, maana vimelea vya TB ya ng'ombe hupitia humo.

Tezi iliyovimba ichomwe kwa sindano nyembamba. Isipasuliwe kutolewa usaha, kwani kidonda chake huweza kukaa miezi bila kufunga. Kinachovutwa kigawanywe: sehemu moja kwenye chupa safi isiyo na dawa kwa ajili ya GeneXpert (kipimo cha mashine kinachotafuta vinasaba vya vimelea vya TB) na kuotesha vimelea maabara, nyingine kwa darubini. Nasisitiza jambo hili kwa sababu kipande cha nyama kilichokatwa kwa mgonjwa kikishatiwa chote kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhia nyama), vimelea vimekufa na haviwezi kuoteshwa tena. Majibu hasi hayaondoi ugonjwa, hasa kwa maji yaliyotolewa kwenye utando wa mapafu, ambamo vimelea huwa vichache mno. Hapo dalili na mwonekano wa mgonjwa ndivyo vinavyoamua.

Kichwa kinachouma kwa siku nyingi, shingo kukakamaa na fahamu kuyumba ni dharura: mgonjwa apelekwe siku hiyo hiyo Mnazi Mmoja au hospitali kubwa iliyo karibu, na dawa zisisubiri majibu yote.

Tiba ni rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli kwa miezi 2, kisha rifampisini na isoniazidi kwa miezi 4. TB ya ubongo na ya mifupa huendelezwa hadi miezi 12, na ya ubongo huongezewa deksamethasoni (dawa ya kupunguza uvimbe) mwanzoni. Kila mgonjwa apimwe VVU. Mwambie mapema kwamba mkojo utageuka rangi ya machungwa, na kwamba macho yakififia arudi mara moja. Tezi nazo huweza kuvimba upya katikati ya tiba ilhali dawa zinafanya kazi, kwa hiyo hakikisha kwanza anazimeza ipasavyo na upime usugu wa vimelea kwa dawa kabla ya kubadilisha chochote.