SOMO: Lenzi moja ya 18-200mm inaweza kuchukua nafasi ya zote ulizonazo?

Wadau, salaam. Mtu akishachoka na begi la kamera, swali lake huwa hili: "Nina 18-55 iliyokuja na kamera, nina 55-250, nina na 50 ndogo. Niuze zote nichukue 18-200 moja, niachane na habari za kubadilisha lenzi?" Hizo namba ni milimita za lenzi: ndogo inaona eneo pana, kubwa inavuta kilicho mbali.

Jibu langu naliweka hapa juu ili mwenye haraka aondoke nalo: hizo mbili za kwanza ziuze ukipenda, ila ile 50 ndogo, yaani 50mm f/1.8 (f ni kipimo cha tundu la lenzi), usiiguse. Hatua za chini zinaeleza kwa nini, na nyingi unaweza kuzijaribu kwa kamera yako mwenyewe kabla hujatoa hela. Mifano nimeiweka kwa Canon za APS-C, yaani zenye sensa (kile kipande kinachopokea mwanga) ndogo, maana ndizo zimejaa mikononi mwa wengi wetu.

Hatua ya 1: Ziulize picha zako

Kila picha inabeba taarifa zake: milimita ulizotumia, f, kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) na ISO (wepesi wa kamera kuuona mwanga). Kwenye Lightroom Classic, ile programu ya kupanga na kuhariri picha, ingia Library, chagua All Photographs, bonyeza kitufe cha \ na upau wa kuchuja utatokea juu. Gusa Metadata, kisha safu moja iweke Focal Length (milimita), nyingine Aperture (f), nyingine ISO Speed. Itakuonyesha una picha ngapi kwa kila kipimo. Kama huna Lightroom, kwenye Windows bofya picha kwa kitufe cha kulia, nenda Properties, halafu Details. Ni kazi ya picha moja moja, lakini utapata picha halisi ya tabia yako.

Angalia zile tu ulizomkabidhi mteja au ulizochapisha. Ukikuta shughuli moja ina picha za 20mm na za 200mm zilizopishana kwa dakika chache, basi 18-200 itakusaidia sana, kwa sababu hapo katikati ulikuwa unahangaika kubadilisha na kuna tukio lilikupita. Ukikuta nyingi ni za 50mm, f/1.8 mpaka f/2.5, ISO 1600 kwenda juu, huna sababu ya kuendelea na mpango huu. Kazi yako iko gizani, na huko lenzi hii haina msaada.

Hatua ya 2: Weka mzigo kwenye mizani

Wengi wanaamini watapunguza uzito. Hebu tujumlishe. Canon 18-55 IS STM ina gramu 205. 55-250 IS STM ina gramu 375. Jumla 580. Canon 18-200 IS peke yake ina gramu 595. Hujapunguza kitu, na tena gramu zote hizo sasa zinaning'inia shingoni muda wote.

Unacholipia ni kutofungua kamera. Na hilo lina thamani kubwa, msilidharau. Chukua njia ya kutoka Ngorongoro kuelekea Serengeti wakati wa kiangazi: gari la mbele linatimua vumbi, paa liko wazi, tembo yuko mbali kule, na baada ya dakika tatu mwingine anatokea ubavuni mwa gari. Hapo kuchomoa lenzi ni kulikaribisha vumbi kwenye sensa. Utaliona jioni ukipiga mandhari kwa f/11 au f/16: vidoa vyeusi angani, palepale kila picha. Mwenye 18-200 anazungusha mkono tu, kutoka tembo mzima na mbuga yake mpaka jicho na kope.

Vivyo hivyo kwa mahafali, mbio za ngalawa, mpira wa mchangani na mikutano ya hadhara. Mchana, nje, watu hawatulii: hapo lenzi hii ni chombo cha kazi kabisa, na anayekwambia ni ya wanaoanza tu anakupotosha.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya mwanga

Hapa ndipo penyewe, someni taratibu.

Namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi liko wazi zaidi. 18-200 inaanza na f/3.5 kwenye 18mm, lakini kadiri unavyovuta tundu linabana, na kabla hujafika 100mm imeshatua kwenye f/5.6. Ile 50 ndogo inafunguka mpaka f/1.8. Gawanya 5.6 kwa 1.8 upate 3.1, kisha zidisha jibu hilo kwa lenyewe: 9.7. Yaani 50 yako inaingiza mwanga karibu mara kumi.

Sasa ingia ukumbini. Maharusi wanaingia, taa kubwa zimezimwa, imebaki ile ya zambarau na mwanga wa simu za wageni. Kwa 50 unapiga f/1.8, shata 1/200, ISO 1600, na bibi harusi ametulia kwenye picha ingawa anatembea. Ukiwa na f/5.6, kwa ISO ileile, shata inakushukia mpaka kama 1/20. Uso unacheza, na mkono ulioshika maua unaacha mkia. Ukisema ubaki na 1/200, ISO inakwenda karibu 16000, na kwa kamera nyingi za sensa ndogo chengachenga zitakula ngozi, zitakula na nakshi za shela. Mteja hatakuuliza ISO. Atauliza kwa nini amefubaa siku ya harusi yake.

"Lakini ina IS." Ndiyo, ina kizuia mtikisiko, ila kinatuliza mikono yako tu, bibi harusi hakimtulizi. Kinafaa kwa kitu kilichosimama: jengo, mlango, mzee aliyekaa barazani.

Hatua ya 4: Jaribu kufuta nyuma

Hili huwashangaza watu. Wanadhani vitu vya nyuma ya mtu kulainika kama ukungu ni mali ya f/1.8 peke yake. Chukua milimita za lenzi, gawanya kwa namba ya f: 50 kwa 1.8 ni kama 28. Sasa 200 kwa 5.6 ni kama 36. Ukimpiga mtu kwa ukubwa uleule kwenye fremu, lenzi yenye jibu kubwa ndiyo inayofuta zaidi vitu vya mbali nyuma yake. Kwa hiyo 18-200, ikivutwa mpaka mwisho, inaishinda 50 kwa kufuta miti ya bustanini.

Tatizo ni nafasi. Kumpiga mtu kuanzia kiunoni mpaka juu ya kichwa, kamera ikiwa wima, kwa 50mm unasimama mita mbili na kidogo. Kwa 200mm unarudi nyuma mpaka kama mita tisa. Ufukweni Coco au bustani yoyote utazipata. Sebuleni kwa mtu hazipo. Na ukiwa kwenye 200mm hakikisha shata haishuki chini ya 1/320 kama IS imezimwa, maana sensa ndogo ya Canon inakuza mtikisiko mara 1.6.

Hatua ya 5: Kagua kingo na mistari

Piga ukuta wa matofali kwa 18mm, kisha kwa 50mm. Kwenye 18mm mistari itatuna kuelekea nje, na ukivuta itaanza kukunjika kwa ndani. Anayepiga milango ya Mji Mkongwe ataliona hili mara moja, fremu ya mlango inakuwa na tumbo. Kwenye Lightroom washa Enable Profile Corrections, sehemu kubwa inanyooka. Kingo za picha zikiwa na ukungu, funga tundu mpaka f/8 kama jua lipo. Imeisha hiyo.

Hatua ya 6: Ukinunua ya mtumba

Usinunue kwa picha ya WhatsApp. Elekeza lenzi chini, iache bila kushika: ikishuka yenyewe taratibu, mpira umeshalegea. Kwa lenzi hizi ni jambo la kawaida na si sababu ya kuikataa, bali ya kushusha bei. Jaribu na kitufe cha LOCK, kile cha kuizuia isishuke.

Halafu washa tochi ya simu, ipitishe upande wa nyuma huku unachungulia mbele, uizungushe. Vumbi kidogo halina neno. Ukiona nyuzinyuzi zimetambaa kama utando wa buibui, hizo ni fangasi, rudisha kwa mwenyewe. Kwenye lenzi ya zumu ndefu vioo viko vingi ndani, na kuifungua kuisafisha kunaweza kugharimu karibu na bei yake.

Mwisho piga picha za 18, 50, 100 na 200 za gazeti lililobandikwa ukutani, uzitazame kwenye kompyuta. Upande mmoja ukiwa na ukungu na mwingine safi, ujue ilishaanguka.

MASWALI YA WADAU

Mkuu, mimi natumia Nikon D3500. Ushauri ni uleule?

Uleule, kaka, ila kwenye ile lenzi ndogo kuwa makini. D3500, kama ndugu zake wote wa D3000 na D5000, haina mota ya fokasi ndani ya bodi. Ukinunua 50mm f/1.8D utazungusha fokasi kwa mkono. Tafuta iliyoandikwa AF-S, 50mm f/1.8G au 35mm f/1.8G. Kwa ndani ya nyumba mimi ningechukua 35.

Nina Sony ya fulu fremu, yaani ya sensa kubwa. Nasikia kuna Tamron 28-200 inayoanza f/2.8, hiyo si inamaliza kila kitu?

Ni lenzi nzuri, ilitoka 2020 na ina gramu 575 tu. Lakini hiyo f/2.8 iko kwenye 28mm, ukivuta inashuka mpaka f/5.6 kama wenzake. Fulu fremu inakusamehe zaidi kwenye ISO, hivyo utafika mbali kuliko mtu wa APS-C. Kwa picha za ukumbini bado tafuta ya f/1.8 moja.

Na video je? Nikivuta katikati ya kurekodi picha inakuwa giza.

Ni lile tundu linabana. Weka kamera kwenye M, yaani kila kitu unapanga mwenyewe, panga f/5.6 tangu mwanzo ukiwa bado 18mm, kisha rekebisha ISO. Ukivuta, mwanga hautaruka tena.

Mimi napenda ndege. Kwa nini nisichukue Tamron 18-400 kabisa?

Dada, kama ndege ndiyo mapenzi yako, ichukue. Ilitoka 2017, uzito wake unapita kidogo gramu 700, na ile 200mm ya ziada utaihitaji kweli, maana mbugani dereva haruhusiwi kuacha njia amfuate ndege wako. Kumbuka mwishoni ni f/6.3, kwa hiyo ni ya jua. Alfajiri utaumia.

Ukumbini nikitumia flashi, 18-200 haitoshi?

Inatosha kwa picha za mezani na za kupanga watu, endapo dari ni nyeupe na fupi: geuza flashi juu, f/5.6, ISO 800, utapata mwanga laini. Kumbi nyingi sasa dari limefunikwa vitambaa vya rangi, na ngozi inageuka rangi ya kitambaa. Maharusi wakiingia na wakicheza, rudi kwenye 50.

Niko Tanga, unyevu mwingi. Hiyo 50 nisipoitumia mara kwa mara haitaota fangasi kwenye begi?

Itaota, na begi ndiyo sehemu mbaya kuliko zote. Tafuta kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, weka vifuko vya silika jeli na kipimo kidogo cha unyevu, kisome kati ya asilimia 40 na 50. Vile vya punje zinazobadili rangi vikaushe kwa moto mdogo zikishabadilika, halafu virudishe. Na kila wiki itoe uipige mwangani, hata kama ni picha za watoto uani.