Namna ya kukadiria hatari ya fangasi kwa mgonjwa wa lukemia kali

Mgonjwa wa lukemia kali ya mailoidi (saratani ya damu) akianzishiwa dawa za saratani, sitarabini siku 7 pamoja na daunorubisini siku 3, nyutrofili zake (seli nyeupe zinazopigana na vimelea) hushuka kwa wiki kadhaa. Hapo ndipo ukungu (fangasi) uitwao Aspagilasi hupata nafasi mapafuni. Kipimo cha leo peke yake hakitoshi kukadiria hatari: tazama nyutrofili zimeshuka kiasi gani, na kwa siku ngapi.

Kupata hesabu ya nyutrofili, zidisha idadi ya seli nyeupe kwa asilimia ya nyutrofili. Seli 1,200 kwa mikrolita zenye nyutrofili 25% ni nyutrofili 300. Mashine ya kuhesabu seli isiachiwe kazi yote, kwani huweza kukosea kuainisha seli changa za saratani. Slaidi ya damu isomwe kwa hadubini.

Kila siku ambayo nyutrofili ziko chini ya 500 kwa mikrolita, andika upungufu (500 toa hesabu ya siku hiyo), kisha jumlisha. Aliyekaa siku 10 kwenye 400 ana jumla ya 1,000. Aliyekaa siku 10 kwenye 50 ana 4,500. Ukiandika "siku 10 chini ya 500" kwenye faili, hawa wawili wanaonekana sawa, na si sawa hata kidogo: jumla kubwa ni hatari kubwa. Siku isiyo na kipimo, tumia wastani wa iliyotangulia na inayofuata.

Kosa linaloharibu hesabu hii ni kuanzia siku ya dawa. Wengi hufika wodini nyutrofili zikiwa tayari chini, kwa sababu lukemia imejaa kwenye uboho. Anzia siku zilipoonekana chini ya 500, hata kama kipimo kilitoka hospitali ya rufaa iliyomtuma.

Zikipita siku 10 chini ya 500, mhesabu kuwa kwenye hatari kubwa. Hatari huongezeka akiwa amewahi kuugua ukungu wa mapafu, lukemia ikiwa imerudi, wodi ikiwa karibu na vumbi la ujenzi, au akitumia prednisoloni (steroidi inayopunguza kinga ya mwili) 0.3 mg kwa kilo kwa siku kwa wiki 3 au zaidi (mtu wa kilo 60: mg 18). Vidonda vya mdomo na mrija kwenye mshipa mkubwa huelekeza zaidi kwa Kandida, fangasi wa jamii ya hamira.

Homa ikidumu siku 4 licha ya antibayotiki, omba CT skani ya kifua. Eksirei inaweza kuonekana safi huku ukungu upo. Galaktomanani (kipimo cha kutafuta Aspagilasi) ikiwa hasi haiondoi mukomikosisi, ugonjwa wa ukungu wa jamii nyingine, na dawa za kukinga ukungu huweza kuificha Aspagilasi kwenye kipimo hicho.

Kabla ya kuandika dawa ya kukinga fangasi, kumbuka flukonazoli haigusi Aspagilasi. Posakonazoli huigusa, lakini kwa mgonjwa wa lukemia kali ya limfu anayepata vinkristini (dawa ya saratani), huipandisha vinkristini mwilini na kuumiza neva: ganzi, tumbo kufunga kabisa, hata degedege.